Sifa za Pikipiki Isiyowaka

Pikipiki ya mbio iliyoegeshwa miaka 15 bila kuwashwa ndiyo chombo cha usafiri chenye adabu kuliko vyote. Haipigi kelele usiku, haimpiti mtu kwa fujo, haitozwi faini wala haijawahi kumgonga mbuzi. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai; hawakufika kumtaja asiyekwenda kabisa, ambaye hata viatu vyake havichakai. Utulivu huo unastaajabisha zaidi mtu akikumbuka chombo chenyewe kiliundwa kwa kazi gani.

Mfano mzuri ni Kawasaki GPZ900R, iliyoingia sokoni mwaka 1984. Injini yake ya cc 908 ilikuwa na silinda nne, valvu 16 na mfumo wa kupozwa kwa maji, ikatoa nguvu za farasi zipatazo 115 na kukimbia zaidi ya kilomita 240 kwa saa. Mwaka 1986 Tom Cruise alionekana akiiendesha katika filamu ya Top Gun, na vijana wengi wakaanza kuweka akiba. Vijana wale sasa wana mvi, na pikipiki zao zimo bandani chini ya shuka kuukuu.

Usingizi huu hulelewa vizuri sana Uingereza. Wakati wa baridi barabara za huko humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hula chuma, kwa hiyo mwenye akili huiegesha pikipiki yake Novemba akinuia kuitoa Machi. Machi hufika na mtoto mchanga. Machi ya pili hufika na maumivu ya mgongo. Kufikia ya tano, pikipiki imekuwa rafu ya kuwekea makopo ya rangi. Imewekwa ndani kama mwari, ila mwari hutolewa nje na hina na harufu ya udi. Pikipiki hutoka na kutu na mkojo wa panya.

Muuzaji wake husema maneno mawili tu, na yote mawili ni ya kweli. La kwanza, kwamba ilikuwa inawaka siku ilipoegeshwa. Hilo halina ubishi: hata marehemu alikuwa akipumua jana yake. La pili, kwamba inahitaji kusafishwa kabureta tu. Hilo “tu” lina uzito wa kilo 228, ambao ndio uzito wa GPZ900R kabla ya kutiwa mafuta na maji. Mnunuzi mwerevu habishani. Hulinganisha namba ya fremu na kadi ya usajili, hufungua tangi na kunusa, kisha huizungusha injini kwa mkono. Ikizunguka, ringi za pistoni hazijagandamana na silinda, na yaliyobaki ni ya muda na pesa. Bei yenyewe huwa ndogo. Ndivyo mgeni anavyokaribishwa vizuri mlangoni. Gharama humngoja ndani, akishavua viatu.

Fadhila kubwa kuliko zote zimo katika kabureta, na kwa kuwa silinda ni nne, fadhila hizo huja mara nne. Petroli si kitu cha kuwekwa. Sehemu zake nyepesi hupaa, zinazobaki hushikana na oksijeni, na baada ya miezi kadhaa bakuli la kabureta huwa na utomvu wa rangi ya chai ya mkandaa, unaonuka kama vanishi iliyochacha. Utomvu huo huziba jeti. Jeti ya mwendo wa chini, ile inayoilisha injini inaponguruma pikipiki ikiwa imesimama, ina tundu lisilofika nusu milimita, na kitone kilichokauka humo huzishinda farasi zote 115. Waliokulia hadithi za sungura na tembo hawataona ajabu. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza huchanganywa na ethanoli hadi asilimia 10, nayo hunyonya unyevu wa hewani na kuharibu mipira ya zamani, hivyo serikali nayo imechangia.

Kuzitoa kabureta hizo ni chuo cha unyenyekevu. Zimefungwa pamoja katika safu moja. Nyuma zimebanwa na boksi la chujio la hewa, mbele zimebanwa na mipira inayoziunganisha na injini, na mipira hiyo imekuwa migumu kama kwato. Fundi huanza kwa kuvuta taratibu, huendelea kwa kuvuta kwa nguvu, kisha hukaa chini akanywa chai. Mipira ikipashwa joto kwa mashine ya kukaushia nywele hulegea, na hapo ndipo watu wa nyumbani huanza kuuliza mashine yao iko wapi. Kila jeti hufunguliwa, hulowekwa katika dawa, hupulizwa kwa upepo wa kompresa na kuinuliwa kwenye mwanga kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Waya wa chuma hautumiki kuzibulia, kwa sababu shaba ni laini, na tundu likipanuka hata kidogo injini hunywa mafuta kupita kiasi. Kisha kabureta hurudishwa, pikipiki haiwaki, na kabureta hutolewa tena. Wazoefu hawaihesabu safari ya kwanza. Aliyezitoa mara tatu anaijua pikipiki yake kuliko aliyeiendesha miaka 10 bila hitilafu, maana huyo wa pili anachokijua ni barabara tu.

Dereva wa bodaboda wa Mombasa au Dar es Salaam amenyimwa elimu hii. Pikipiki yake ina silinda moja, kabureta moja na kiki. Hulala saa chache na kuamshwa alfajiri, basi petroli haipati nafasi ya kuharibika. Inamlipia kodi ya chumba na ada ya shule. Ni mtumishi tu, maskini. Ile ya bandani ni sultani, na sultani hatumwi.

Tangi nalo lina zawadi yake. Petroli ikipungua, unyevu hushika kwenye bati lililobaki wazi na kutu huanza. Siki au asidi ya sitriki ikiachwa humo siku moja au mbili huing'oa, lakini bati lililotakata lisipokaushwa haraka hupata kutu mpya ya rangi ya chungwa mwenyewe akiwa angali anajipongeza.

Kwenye breki sifa zisimame kidogo, kwa kuwa hapa ndipo pikipiki iliyofufuka inapoua. Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi; ikishalowa unyevu, kiwango hicho huweza kushuka hadi karibu 155. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na mkono wa breki hufika kwenye mshikio bila gurudumu kupunguza mwendo. Mafuta yote humwagwa, pistoni za breki husafishwa, na sili na mipira ya zamani hubadilishwa bila kuionea huruma. Tairi nalo huponza kwa uzuri wake: meno yote yapo, lakini mpira umekauka. Ubavuni kuna tarakimu nne za wiki na mwaka, hivyo 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tarakimu zikiwa tatu, tairi lilitengenezwa kabla ya 2000 na linafaa kuoteshea maua.

Panya huwa ameishi ndani ya pikipiki muda wote huo bila kulalamika. Amechagua boksi la chujio la hewa, mahali pakavu penye mlango mmoja, akatandika sponji ya siti na kutafuna waya za taa. Betri imekufa zamani. Mpya iliyojaa huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo ikiwa imepumzika, na injini ikizunguka inatakiwa kukaribia 14. Isipofika, kidhibiti cha chaji huanza kushukiwa, na fundi hupata wikiendi nyingine ya furaha.

Siku ya kuiwasha, oili kidogo hudondoshewa kwenye matundu ya plagi na injini huzungushwa kwanza kwa mkono ili silinda zisikwaruzike. GPZ900R haina kiki, kwa hiyo yote yamo katika kitufe kimoja. Mara nyingi haiwaki. Ikiwaka, hutema moshi wa buluu na mabaki ya kiota cha panya, majirani hufungua madirisha, na sauti iliyopotea miaka 15 hujaza mtaa kwa dakika mbili hivi, kisha silinda ya tatu hukataa.

Pikipiki iliyotoka mwaka 1984 ilitimiza miaka 40 mwaka 2024, na nchini Uingereza chombo cha umri huo ambacho hakijafanyiwa mabadiliko makubwa hakilazimiki tena kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka, ingawa mwenyewe bado anawajibika kisiwe hatari barabarani. Asiyetaka kuyapata mafao ya kabureta na tangi kwa mara ya pili na ajaze tangi hadi shingoni kabla ya baridi kuanza, afunge koki ya mafuta, afungue skrubu ndogo iliyo chini ya kila kabureta na kuacha petroli yote itoke. Kazi yenyewe haimalizi hata saa moja.