Mchezo wa Mtoto, si wa Babake

Kabla hujatoa pesa dukani, mtazame kwanza mwenye mchezo. Anatambaa? Basi kwake kila kitu ni chakula: rimoti, ndala, kete za bao. Tafuta lile bomba la boksi linalobaki karatasi ya chooni ikiisha. Kinachopita mle ndani asipewe mtoto ambaye hajatimiza miaka 3, maana kinaweza kumkaba koo. Komwe inapita, gololi inapita, hata kizibo cha soda kinapita. Betri bapa za mviringo ndizo za kuogopa zaidi: moja ikikwama kooni huweza kuunguza nyama ndani ya saa 2. Ukishuku tu kwamba kameza, usingoje kuona dalili, mkimbize hospitali.

Wa miezi 8 mpe sufuria na mwiko. Mtaa mzima utajua mna mtoto, lakini yeye anajifunza kwamba mkono wake ndio unaoiliza ile ngoma. Jifunike uso kwa khanga, kisha jifunue ghafla. Atacheka mpaka ashikwe na kwikwi, kwa sababu ndio kwanza anagundua kwamba mtu asiyeonekana bado yupo. Simu iache mfukoni. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa mtoto wa chini ya mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 3 na 4 isizidi saa 1 kwa siku.

Akifika miaka 3 anaweza kujificha, kwa namna yake. Atasimama katikati ya sebule, viganja usoni, na ukiuliza yuko wapi atajibu, “Nipo hapa!” Tafadhali usimwone. Fungua kabati, inama uchungulie uvunguni, mlalamikie bibi yake kwamba mtoto kapotea. Kombolela yenyewe, ya kukamatwa na kukombolewa, itakuja akishaweza kungoja zamu. Siku hiyo ikifika, funika mapipa ya maji na uling'oe mlango lile friji bovu la uani, kwa kuwa watoto hupenda kujificha humo na wakifungiwa hawatoki.

Kwa anayelia kila akishindwa, ukuti ukuti ndiyo dawa: wote wanazunguka wameshikana mikono, wote wanakwenda chini, hakuna wa kuchekwa. Mdako usubiri kidogo. Kurusha kokoto, kuokota nyingine na kuidaka ile ya juu kunataka jicho na mkono vilivyokwisha kuelewana, na wengi hawafiki hapo kabla ya miaka 7.

Bao je? Mashimo 32, kete 64. Wa miaka 6 mwachie asambaze na kuhesabu, moja shimo hili, moja lile, bila kumsomesha hatua za mchezo, namua wala mtaji. Baba akitaka wa kushindana naye, barazani wapo.