Taadhima ya Kijineno cha Mwisho

Wako wanung'unikao kwamba kijana wa mashamba ya Mboghoni, ajuaye zamu ya maji ya mfereji na autambuaye mkungu uliokomaa kwa kuutupia jicho tu, hana haja ya kukaririshwa vile vitenzi vya Kiingereza vyenye kijineno nyuma, ambavyo kijineno kikibadilika maana nayo huhama nyumba. Hao hawana insafu. Ni ilimu gani iliyo adhimu kuliko kufahamu kwamba "put off" ni kuahirisha, "put out" ni kuzima moto, na "put up with" ni kustahimili? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikitawaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, basi ni insafu iliyoje kwamba mtihani wa kidato cha nne nao umekitunuku kijineno hadhi yake. Kwani mnunuzi wa ndizi ajaye na lori kutoka Mombasa, akataja bei ya dhuluma kwa Kiswahili fasaha, hana budi kunywea pindi binti wa mkulima atakapomjibu kwa kitenzi chenye mikia miwili. Mmisionari Krapf, maskini, alipoteza umri akikusanya kamusi ya Kiswahili, iliyochapwa London mwaka 1882, ilhali angaliweza kukaa kitako akawafunza wenyeji "up" na "off". Na yule aliyekosa alama kwa ajili ya kijineno, apewe jembe arejee mferejini, ambako atapata wasaa mrefu wa kukitumia kile kitenzi cha kustahimili.