Keki Iliyozima Mechi

Harufu ndiyo iliyomuumbua. Umeme ulipokatika jioni ya Jumamosi katika nyumba moja ya wapangaji, Wasso, wilayani Ngorongoro, huku mechi ya Simba na Yanga ikielekea ukingoni, watu walitoka nje kwa utaratibu wanaoujua wote: kwanza kuchungulia kwa jirani kama naye yuko gizani, kisha kumulika mita ya pamoja. Kwa jirani taa zilikuwa zinawaka. Mita ilisoma sifuri. Hapo pua zikaanza kazi. Katika ua ambao saa hizo hunukia dagaa na moshi wa mkaa, mlango mmoja tu ulikuwa unatoa harufu ya vanila, tena vanila iliyoungua.

Mlango wenyewe ni wa mwandishi wa safu hii.

“Jirani, unachoma tofali humo ndani?” aliuliza mzee wa chumba cha kwanza, ambaye heshima yake yote ya Jumamosi iko kwenye televisheni. Dada wa chumba cha pili akajibu kwa niaba ya mtuhumiwa: “Ni oveni hiyo, mzee wangu. Niliiona inashushwa kwenye basi, nikasema LUKU yetu imekwisha.” Mwandishi akanunua umeme kwa simu palepale, kwa fedha yake, bila kusubiri kikao. Ila tokeni ya LUKU, umeme huu wa kulipia kabla, ina tarakimu 20, na kuzibonyeza gizani, nyuma yako wamesimama watu wenye hasira na mtoto wa darasa la pili anakusomea kwa sauti, ni mtihani ambao haumo kwenye mtaala wowote. Mtoto alisoma sita badala ya tisa. Mita ikakataa. Wakaanza upya. Picha iliporudi, wachambuzi walikuwa wameshakaa mezani wanajadili bao ambalo hakuna mpangaji hata mmoja aliyeliona.

Keki nayo ikatolewa kama kidhibiti. Juu ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria, katikati ilikuwa uji. Yeyo (mama, kwa Kimaasai) wa chumba cha mwisho, ambaye huoka keki za ubatizo kwa jiko la mkaa, alichomeka kijiti, akakichomoa kinachuruzika, akakizungusha ili kila mtu akione. Hakusema neno.

Aibu ya namna hiyo humlazimisha mtu mzima kufungua kifaa chake na kukisoma. Na oveni ndogo ya mezani, ukiitazama kwa karibu, ni mashine ya kuvutia kuliko bei yake. Juu na chini kuna vyuma vinavyopata moto. Ndani ya kila chuma umepita waya wa nikromu, aloi ya nikeli na kromi ambayo Mmarekani Albert Marsh alipewa hataza yake mwaka 1906. Kabla ya hapo shida ya vifaa vya joto ilikuwa moja: waya ukipashwa moto hadi kuwa mwekundu mbele ya hewa, baada ya muda unaliwa na kukatika. Kromi ya Marsh hujijengea ngozi nyembamba inayouzuia waya usiendelee kuliwa. Kila tosta, pasi na hita ya chai iliyopo Ngorongoro inadaiwa shukrani na ngozi hiyo.

Ajabu zaidi ni kidhibiti joto. Watu hudhani kile kitufe cha kuzungusha, chenye 100, 150, 200 na 250, ndicho kinachoamua joto. Hakiamui peke yake. Nyuma yake kuna utepe wa metali mbili tofauti zilizogandishwa pamoja, joto likipanda, moja hutanuka kuliko mwenzake, utepe unapinda, mguso wa umeme unaachana, “tak!”, vyuma vinazima. Vikipoa kidogo utepe unanyooka na vyuma vinawaka tena. Kuzungusha kitufe ni kuuambia utepe upinde kiasi gani kabla ya kuachia. Katika oveni za bei nafuu, tofauti ya digrii 20 au 30 kati ya namba iliyoandikwa na joto la ndani si jambo la kushangaza, ndiyo maana kipimajoto kidogo cha kuweka ndani ya oveni kina faida kuliko taa ya ndani, kioo cheusi na michoro ya kuku iliyobandikwa mlangoni.

Sasa lete mashine hiyo Wasso, saa mbili usiku.

Saa hizo kila nyumba imewasha kila kitu, na nyumba iliyo mwisho wa laini hupata kile wenyeji wanachokiita umeme mdogo. Watengenezaji huandika volti 220 hadi 240 na wati 1,500, wakidhani hizo wati ni mali yako. Si mali yako. Nguvu ya waya wa joto hufuata mraba wa volti: volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, zile wati 1,500 zinabaki 920 hivi. Oveni haipati tena moto wa kutosha kuupinda ule utepe, kwa hiyo “tak” haisikiki kamwe. Chuma cha juu kinabaki chekundu mfululizo, kinaipiga keki utosini, wakati bati jembamba la ubavuni linaachia joto litoke kwenda kupasha ukuta. Keki ya dakika 40 inakwenda saa moja na nusu, na mita, ambayo haijali keki imeiva au la, inahesabu muda wote.

Tena kuna suala la mwinuko, ambalo hakuna muuzaji wa Arusha atakayekutajia. Wasso iko kama mita 2,000 juu ya bahari. Hewa huku ni nyepesi, maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, na gesi ya hamira ya unga hutanuka kwa karibu robo zaidi kuliko ingetanuka Tanga. Keki iliyofuata vipimo vya kitabu kilichoandikwa pwani huumuka kwa furaha iliyopitiliza na, katika oveni ya lita 20, hupanda hadi kukikuta chuma cha juu. Dawa ni kupunguza hamira, kujaza chombo nusu tu, kushusha wavu ngazi ya chini kabisa na kufunika kwa karatasi ya foili juu ikishapata rangi. Yeyo anayajua yote haya bila kipimajoto. Anapalia makaa juu ya mfuniko, anaacha machache chini, na akiona yamezidi anayachota kwa koleo. Chini na juu anavitawala mbalimbali, kitu ambacho oveni nyingi za bei rahisi haziwezi.

Kwa hiyo anayenunua aulize kwanza hilo: swichi ya juu na ya chini zinatengana? Kisha ageuze kifaa asome kibao cha nyuma, asiishie kwenye lita za kwenye boksi, maana lita hizo hupimwa oveni ikiwa tupu na trei huwa ndogo kuliko matumaini. Pia aangalie vyuma vyenyewe. Vingine ni fimbo za chuma, vingine ni mirija ya kioo cha kwatzi (quartz). Mirija hupata moto haraka na kwa tosta ni mizuri sana, lakini barabara ya kuileta huku, kutoka Mto wa Mbu hadi Loliondo, ni kilomita 217, na lami ya kipande cha Sale hadi Wasso ni 49 tu. Kioo kilichovumilia vumbi na mitikisiko ya huko chini, kwenye uvuli wa mlima Oldoinyo Lengai, hakina sababu ya kukupenda.

Lakini hasira ya kweli haiko kwenye oveni. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, mteja mdogo wa nyumbani hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Akizidi, bei inaruka hadi 350. Nia ni njema: kumlinda mnyonge. Sasa chukua nyumba ya vyumba sita na mita moja. Kila familia hapo inatumia balbu mbili, redio na simu, na kila moja peke yake ingeishi raha ndani ya uniti 75. Zikijumlishwa kwenye mita moja, mfumo unamwona tajiri mmoja, na wote sita wanalipa bei ya tajiri. Mwenye nyumba ya ghorofa anayeishi na mkewe, jua likimpashia maji darini, anaweza kabisa kuwa mnyonge. Na tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo kwenye LUKU, hivyo mpangaji analipia paa la mtu mwingine kisha anatakiwa kumfuata mtu huyo amrudishie. Jaribu.

Baada ya keki, mengine yalikuwa madogo. Panya alilala ndani ya oveni. Kuku alitoa mafuta yakashika moto. Ndugu mmoja alileta oveni ya volti 120 kutoka Marekani. Iliwaka kwa fahari kubwa na kwa muda mfupi sana.

Wapangaji waliomba kila chumba kiwe na mita yake. Mwenye nyumba alisema atafikiria, na wakati akifikiria akabandika tangazo chini ya mita, kwa kalamu nyekundu: ni marufuku kutumia hita, jiko la umeme na maikrowevu. Oveni hakuitaja. Mzee wa chumba cha kwanza anashikilia kwamba imo ndani ya jiko la umeme. Dada wa chumba cha pili, ambaye binti yake ana kipaimara mwezi ujao, ameanza kuona kwamba haimo.