Andazi la Hamira

Hapa Keko, Dar es Salaam, bei haipandi ghafla. Anayekwambia imepanda ghafla ni mgeni, mwache azoee. Huku kwanza bei hukaa pale pale, kinachoondoka ni bidhaa, tena kwa adabu, kidogo kidogo, usishtuke.

Chukua andazi. Mama mmoja wa Keko Machungwa aliliuza shilingi 100 miaka nenda miaka rudi, nasi tukamsifu kwa huruma yake. Lilikuwa na pembe nne na lilijaa kiganja. Ukilichovya kwenye chai, linaibuka na nusu kikombe. Kumbe tulipokuwa tunamsifu, andazi lilikuwa linapoteza pembe. Siku hizi ni 200, la duara, limetuna utadhani lina jambo la kusema. Ukilibonyeza linatoa pumzi, zinabaki ngozi mbili zinaangaliana. Nikamwuliza, "Mama, humu ndani kuna nini?"

"Hamira, mwanangu. Ngano imepanda, si unajua vita ya Ukraine?"

Vita naijua. Ilianza 2022, na Agosti mwaka ule petroli Dar ilivuka shilingi 3,400 kwa lita. Ngano na mafuta ya kula navyo sikuvibishia, maana vingi vinakuja na meli. Ninachokataa ni mchicha. Mchicha umelimwa bondeni, umemwagiwa maji ya mtaro, umefika sokoni juu ya kichwa cha mtu, lakini muuzaji anakuangalia usoni na kusema, "Dola imepanda, kaka." Dola kweli ilipanda, 2024 ilipita shilingi 2,600. Lakini huo mchicha umeionea wapi?

Mzee jirani yangu hufurahi nikianza kulalamika, kwani humpa nafasi ya kusema "enzi zetu". Enzi zao, 1983, serikali iliporuhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria, nauli ilikuwa shilingi 5, dala moja, ndiyo hiyo makonda waliyokuwa wakiipigia kelele hadi basi lenyewe likabatizwa daladala. Sasa hivi safari fupi ni 600. Ilikuwa 400, mwaka 2022 ikawa 500, mwisho wa 2023 ikaongezwa mia nyingine, na bado nasimama nimeinama, kwapa la mwenzangu likiwa usoni.

"Enzi za Mwalimu," mzee anasema, "sukari ilikuwa bei ya kutupa."

Ya kutupa kweli, mzee wangu! Mwaka huo huo wa 1983 Waziri Mkuu Sokoine alipoanza kuwasaka wahujumu uchumi, watu walitupa bidhaa usiku wasikutwe nazo ndani. Asubuhi foleni ya duka la kaya ilikuwa pale pale, watu wamepanga mawe na matofali yawashikie nafasi. Sukari ilikuwa rahisi, ila haikuwepo. Nikimkumbusha hivyo, mzee hukohoa na kuuliza Yanga wanacheza lini.

Sisi wa sasa tumefaidi enzi zote mbili kwa mpigo. Mapema 2024 mvua za El Niño zililowesha mashamba ya miwa, sukari ikawa ghali na ikaadimika papo hapo. Serikali ikatangaza bei elekezi. Mangi wetu, mwenye duka la mtaani, akaitii kikamilifu: akasema sukari hana. Ukimnong'oneza kwamba utatoa bei anayoitaka yeye, sukari ilikuwa inaonekana, nyuma ya magunia ya mkaa.

Huyo huyo Mangi hana chenji tangu nimfahamu. Sarafu ya 50 ukimpa anaigeuzageuza kana kwamba imefukuliwa Kilwa. Ukimdai chenji yako, anakupa pipi. Nilijaribu kununua kiberiti kwa pipi zake mwenyewe nilizozikusanya. Alicheka sana. Kiberiti sikupata.

Mafundi seremala nao wamejifunza ujanja huo. Dar nzima inakuja Keko kununua makochi na vitanda, kwa hiyo nilitegemea wenyeji tutaheshimiwa. Nyumbani kuna kitanda cha mninga alichoacha marehemu baba, wanaume wanne wakikihamisha hawaachi kumtaja Mungu. Juzi nikaulizia kipya cha mwanangu. Fundi akataja bei ya kirafiki mno, nikashtuka.

"Ni mninga?"

"Mninga mtupu, braza."

Nikashika upande mmoja ili nipime uzito, kikanyanyuka chote. Kidole kikarudi na rangi. Nikainama kuchungulia chini, mahali ambapo brashi ilichoka kufika: mbao nyeupe pee, na maandishi ya Kichina ya kreti zilikotoka.

"Sasa hii?"

"Hiyo ni mninga rangi," akasema, bila hata kupepesa.

Nadhani mahali pekee Keko ambapo sahani ya ugali na maharage haijapanda bei ni pale gerezani, na masharti ya kuingia siyapendi.

Lakini yote hayo ningeyameza kama si kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa ukinunua umeme, ilianza 1,000 kwa mwezi, 2023 ikawa 1,500. Jengo ni la baba mwenye nyumba, anayenunua umeme ni mimi. Nikamfuata barazani kwake na hesabu yangu kwenye karatasi.

"Shikamoo mzee. Kodi ya jengo lako nakulipia mimi, 18,000 kwa mwaka. Si tuipunguze kwenye pango?"

"Marahaba, mwanangu," akasema, na alivyoanza kunivutia kiti nikajua nimekwisha. "Kumbe nyumba yangu inalipiwa kodi kila mwezi? Basi hii ni nyumba yenye hadhi. Nyumba zenye hadhi watu wanalipa miezi sita kwa mkupuo. Ila pango sikuongezei, we' ni kijana wangu. Nitachukua stoo yako tu, nimeshaipatia mpangaji."