Namna ya Kushindwa Kwaresima kwa Heshima, Ukiwa Manyoni

Ndugu yangu, tuambizane ukweli kabla kengele ya Jumatano ya Majivu haijalia. Utaanguka. Utapanga kuacha bia siku zote 40, na huenda ukafika Jumamosi. Utapanga kuacha sukari, ukasahau kwamba chai ya msibani huja imeshatiwa. Utapanga kuamka saa 11 alfajiri kusali, na mvua ya Manyoni itachagua saa hiyo hiyo kunyesha juu ya bati. Haya yamewapata watu wazuri. Basi sogea karibu. Kuna namna ya kuanguka inayomwachia mtu heshima yake na kumfikisha Pasaka akiwa mzima. Ina njia za mkato, na zote ni halali. Nyingine Kanisa lenyewe ndilo lililozifungua, ila watu hawazipiti kwa sababu hawakuuliza.

Hatua ya 1: Ijue sheria kabla hujaivunja

Wengi wanashindwa amri ambazo hakuna aliyewapa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inakudai kufunga siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mbili. Na kufunga kwenyewe ni hivi: mlo mmoja wa kushiba, na mingine miwili midogo ambayo hata ukiijumlisha haifikii ule mmoja. Anayebanwa ni mwenye miaka 18 hadi anapoanza mwaka wa 60. Bibi yako mwenye miaka 74 anayefunga huku anapalilia mtama, anafunga kwa mapenzi yake. Mheshimu. Usishindane naye, atakuacha mbali. Kujinyima nyama siku za Ijumaa kunaanza miaka 14, na huko hakuna kustaafu. Mgonjwa ale. Mjamzito ale. Anayenyonyesha ale, tena ashibe.

Sasa hesabu. Kutoka Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Toa Jumapili 6, zinabaki 40. Jumapili ni siku ya Ufufuko, haifungwi. Hii ni njia ya mkato kubwa na iko wazi mchana kweupe: ukichoka Alhamisi, jiambie Jumapili iko karibu. Kula nyama yako Jumapili bila kuangalia nyuma, na mwalike mtu wa kula naye.

Hatua ya 2: Pokea majivu, kisha nenda kazini

Jumatano hiyo si siku ya amri. Ukikosa Misa, hukutenda dhambi. Lakini litazame kanisa lilivyojaa! Hata waliopotea tangu Krismasi wamo, wamebanana mpaka mlangoni. Sababu mojawapo ni kwamba majivu hayaulizi maswali. Ndoa yako haijabarikiwa? Utapakwa. Hujabatizwa bado? Utapakwa. Mtoto wa mgongoni naye atapakwa, atalia, atanyamaza. Kama una miaka mingi hujakanyaga parokia na unaona haya kuanza, anzia hapa. Hakuna mlango mpana kama huu katika mwaka mzima, na hakuna atakayegeuka kukutazama, kwa kuwa siku hiyo kila mtu anawaza juu ya paji lake mwenyewe.

Majivu hayo ni matawi yenu ya mwaka jana, yale mliyopunga Jumapili ya Matawi kisha mkayachomeka juu ya mlango. Tangazo la kuyarudisha likitolewa, rudisha.

Injili ya siku hiyo, Mathayo sura ya 6, inamwagiza anayefunga anawe uso, asijionyeshe. Dakika chache baadaye unapakwa msalaba mweusi usoni. Usihangaike kuyapatanisha hayo mawili, wala usiufute msalaba kwa aibu ukikaribia stendi ya mabasi. Usijipige picha pia ukairusha WhatsApp. Uache msalaba palepale. Fungua duka, pakia mizigo, sahihisha madaftari. Jasho la Manyoni litaufuta kabla ya saa nane mchana.

Hatua ya 3: Chagua kitu kidogo mpaka uone haya kukitaja

Nadhiri kubwa zinaanguka kwa kishindo. Chukua ndogo. Simu isilale chumbani. Sauti isipande unapomjibu mama watoto. Deni la dukani lilipwe siku uliyotaja. Uzuri wa nadhiri ndogo ni kwamba huwezi kujisifu nayo hata ukitaka, na tamaa ya kusifiwa ndiyo inayoua Kwaresima za watu kuliko nyama na bia.

Kisha usimwambie mtu. Ukianguka, hakuna shahidi, huna haja ya kudanganya, na kesho unaanza upya bila kutoa taarifa kwenye jumuiya. Aliyetangaza mbele ya UWAKA nzima, chama cha wanaume Wakatoliki, kwamba ameacha pombe ana kazi mbili: kuacha pombe na kulinda jina. Ile ya kwanza ikimshinda, ataendelea na ya pili kwa kupanda gari akanywee Saranda. Hapo amelipa bia, amelipa nauli, na bado amedanganya.

Kama lazima iwe bia, sawa, sheria haikudai lakini ni sadaka nzuri. Ila pesa yake isikae mfukoni. Pesa ya bia iliyolala mfukoni wiki nzima huamka Jumapili na kununua kreti. Itoe siku ile ile, jioni, kabla hujapita pale kona.

Hatua ya 4: Kuku

Kwa mama ntilie utaulizwa: nyama, kuku au samaki? Menyu hiyo imewapotosha wengi. Kwa Kanisa kuku ni nyama. Najua inauma, uko mkoa wa Singida, mkoa ambao kuku wake wa kienyeji wanasafirishwa mpaka Dar es Salaam. Hata hivyo Ijumaa kuku apumzike. Yai lake linaruhusiwa. Maziwa yanaruhusiwa. Samaki anaruhusiwa, lakini ukiagiza sato mzima aliyetoka Mwanza, kwa bei inayozidi kilo ya nyama, umebadilisha kitoweo tu. Kambale wa Bahi yupo hapo jirani. Dagaa wapo. Mlenda upo, na ukiuchanganya na karanga hutaona umeonewa.

Njia ya mkato kwa wanaopenda kalenda: sherehe kubwa ya Kanisa ikiangukia Ijumaa, katazo la nyama linaondoka. Tarehe 19 Machi ni sherehe ya Mtakatifu Yosefu, na mwaka 2027 inaangukia Ijumaa. Siku hiyo kula kuku wako hadharani, na fundi seremala wa mtaani kwenu umpe paja.

Hatua ya 5: Angalia ghala, la kwako na la mwenzako

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, maana ndipo Kwaresima ya Manyoni inapotofautiana na ya mjini.

Kwaresima yetu inaangukia kati ya Februari na Aprili, kati ya palizi na mavuno. Mtama bado uko shambani, uwele bado, alizeti bado. Ghala la mwaka jana limeanza kuonyesha sakafu, na bei ya debe inapanda kila gulio. Ziko nyumba ambazo zimekuwa na mlo mmoja tangu Januari, bila padre kutangaza chochote. Kama hiyo ni nyumba yako, njia yako ni fupi kuliko zote: kula unachopata. Hakuna anayekudai mfungo juu ya njaa. Na mtu akikuhubiria kuhusu kuacha nyama, muulize kwa upole aliiona wapi.

Kama wewe una mshahara, ni mwalimu, nesi, karani wa halmashauri, au una duka sokoni, sikiliza vizuri. Debe moja la mahindi ukilitoa Machi linafanya kazi kuliko madebe mawili ya Julai, wakati kila mtu anavuna na bei imeshuka. Huo ndio mfungo wa bei nafuu zaidi kwako na wa thamani zaidi kwa anayepokea. Ijumaa inayofuata Majivu kanisani husomwa Isaya sura ya 58, ambako nabii anaukataa mfungo wa kuinamisha kichwa na kuutaka ule wa kumgawia mwenye njaa chakula. Kwa hiyo ukiona kukaa na njaa kunakushinda kabisa, huna pa kujificha lakini una pa kukimbilia: shiba, kisha mshibishe mwingine. Kwa maoni yangu huko si kushindwa hata kidogo.

Utataka uonekane ukitoa. Ni kawaida, binadamu ndivyo alivyo. Basi onekana kwa mtu mmoja tu: katibu wa jumuiya, anayejua nyumba gani haijawasha moto tangu juzi. Mkabidhi yeye debe lako, aseme limetoka kwa wanajumuiya. Ukitaka kwenda mbali zaidi, panda gari hadi Itigi, Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, na sabuni na sukari. Wodini utakuta wagonjwa waliotoka mbali, na ndugu wanaowauguza hawana mtu mjini.

Na kuna jambo moja halina njia ya mkato. Kama ulinunua alizeti ya mtu ingali shambani, kwa bei aliyokubali kwa sababu watoto wake walikuwa na njaa, basi nyama usiyokula Ijumaa haitakusaidia. Rudi ukamwongezee pesa. Nenda leo, kabla ya mavuno.

Hatua ya 6: Usijisifu mbele ya aliyefunga kweli

Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari, na Ramadhani ikaanza wiki hiyo hiyo. Manyoni ni mji wa reli. Tunaishi ua mmoja, Mkristo chumba hiki na Mwislamu kile. Usimweleze jirani ambaye hajaonja hata maji tangu alfajiri kwamba wewe umeacha soda. Muulize anavyofanya. Jifunze kwake kuweka saa ya kula na kuisubiri. Jioni mpelekee bakuli la uji wa futari, naye atakurudishia bakuli likiwa na kitu ndani, kwa sababu huku kwetu bakuli la jirani halirudi tupu.

Hatua ya 7: Njia ya Msalaba

Vituo ni 14, na kila kimoja kina goti lake. Goti likiwa bovu, simama au kaa, hakuna atakayehesabu. Usishindane na akina mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, wanaopiga magoti juu ya saruji mwanzo hadi mwisho.

Wanakwaya, Aleluya na Utukufu vinapumzika, na ngoma pia. Usilazimishe kinanda kifanye kazi ya ngoma. Ukimya huo ni wa wiki chache tu, na usiku wa Pasaka utajua ulikuwa wa nini.

Hatua ya 8: Ukishaanguka

Umeanguka. Ni Jumanne, sahani ni tupu, chupa ni tupu, au maneno yameshatoka mdomoni. Hapa watu wengi wanafanya kosa la gharama: wanasema "imeshaharibika" na kuitupa Kwaresima nzima, ili waanze upya mwaka kesho wakiwa wasafi. Hayo ni majivuno yaliyovaa kanzu. Siku moja imeharibika. Siku nyingine zipo palepale, hazijui lolote kuhusu Jumanne.

Jiwekee faini mapema, kabla hujaanguka. Kila kuanguka, kiasi fulani kiingie kwenye bahasha ya sadaka ya Kwaresima. Weka kiasi kinachouma kidogo, kisichokufanya uanze kujificha mwenyewe. Kwa mpango huo, hata udhaifu wako unanunua unga wa mtu. Nawajua wanaume ambao bahasha zao hujaa kwa faini peke yake, na wahitaji wa parokia hawajawahi kulalamika.

Hatua ya 9: Nenda kitubio mapema

Kanisa linadai dhambi nzito ziungamwe walau mara moja kwa mwaka. Karibu parokia nzima huchagua mara hiyo iwe Wiki Takatifu. Foleni inaanzia kanisani na kutoka nje hadi juani, na padre ameketi tangu asubuhi. Wewe nenda katikati ya Kwaresima, siku ya kazi, baada ya Misa ya asubuhi. Hakuna foleni, padre bado ana subira, na hakuna mwenyekiti wa kigango anayesubiri nyuma yako akiisikia sauti yako.

Ukiingia, taja dhambi zako tu. Mume wako ataleta zake. Mama mkwe wako naye ana miguu. Taja zipi na mara ngapi, usieleze nani aliyeanza. Ukipewa malipizi, yafanye hapo hapo kwenye benchi kabla hujatoka, maana ukifika nyumbani utakuta ng'ombe wameingia shambani na utasahau.