Mtaalamu Aokota Dodo Chini ya Mwarobaini

Mabibi na mabwana, makofi yanatosha. Mtaalamu ana haya. Huyu ndiye aliyejitunukia shahada kwa mkono wake mwenyewe, baada ya kukosa chuo chenye hadhi ya kumtahini. Leo amekubali kuwafumbulia siri ambayo mawakili hulipwa kwa dola: namna ya kununua jina la kikoa lililoisha muda, kisha kulitetea pindi mwenye alama ya biashara anapokuja juu.

Jina la kikoa hukodishwa tu. Mwenyewe asipolilipia, jina la .com halifi siku hiyo hiyo. Msajili, yaani kampuni inayolikodisha, anaweza kumvumilia hadi siku 45. Likifutwa, zipo siku 30 za kulikomboa kwa ada ya kuuma, kisha siku 5 za kungoja maziko. Wasajili wengi hawafiki huko: hulipiga mnada mapema. Na aliyesahau siku zote hizo, Mtaalamu humwita mfadhili.

Wafadhili wenyewe si watu wadogo. Desemba 1999 Microsoft ilisahau kulipia passport.com, mlango wa kuingilia Hotmail, watumiaji wakafungiwa nje ya barua zao, hadi mwanaprogramu mmoja wa Marekani, asiye mwajiriwa wao, alipotoa dola 35 za mfukoni mwake kuwalipia deni. Kampuni ikamshukuru kwa hundi ya dola 500. Kila afikapo hapa, Mtaalamu hutokwa na machozi: mtu alishika koo la Microsoft akaliachia! Novemba 2010 timu ya Dallas Cowboys nayo ikaacha tovuti yake izimike, wakati ule ule ilipokuwa ikimtimua kocha.

Sasa sheria, ambayo Mtaalamu ameisoma ukurasa wa kwanza wote. Utaratibu wa kusuluhisha migogoro ya vikoa, UDRP, uliopitishwa mwaka 1999 na ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa, humtaka mlalamikaji athibitishe kwamba jina linafanana na alama yake kiasi cha kuwachanganya watu, kwamba aliyelishika hana haki wala maslahi halali, na kwamba lilisajiliwa na kutumiwa kwa nia mbaya. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, kesi imekwisha.

Utetezi mkuu wa Mtaalamu ni umri. Jina limezaliwa 1997, alama imesajiliwa 2005. Basi alama na iliamkie jina shikamoo! Kwa bahati mbaya majopo yanayoamua kesi hizi hayakulelewa Pwani. Huhesabu tangu siku Mtaalamu alipolinunua, na miaka ya mmiliki wa zamani hairithiwi.

Basi hugeukia programu yake, inayonyakua majina usiku kucha bila yeye kuyatazama. Atajuaje ni alama ya nani? Majopo ya WIPO, shirika la miliki ubunifu la Geneva, huita hilo kufumba macho makusudi: anayeokota vikoa kwa jumla hutarajiwa kuchunguza kwanza. Na kulikalia jina kimya hakusaidii sana. Kesi ya telstra.org ya mwaka 2000, iliyoletwa na kampuni ya simu ya Australia, iliamua kwamba hata kutofanya lolote kunaweza kuwa nia mbaya.

Imebaki kamusi, na hapa, lazima tukiri, Mtaalamu ana hoja. Aliyenunua neno la kawaida akalitumia kwa maana yake anaweza kushinda, na kampuni iliyomshtaki bila msingi ikaandikwa hukumuni kuwa ilijaribu kumpora. Kasoro ni ndogo mno: Mtaalamu huujaza ukurasa matangazo ya washindani wa kampuni hiyo hiyo, kisha huiandikia kuitajia bei. Kulinunua jina kwa lengo la kumuuzia mwenye alama kwa faida kumetajwa ndani ya UDRP yenyewe kama ushahidi wa nia mbaya. Ni ukurasa wa pili, huenda.

Hata bei ina hesabu. Kumshtaki Mtaalamu huko WIPO, jina moja mbele ya mjumbe mmoja, ni dola 1,500 za mlalamikaji. Mtaalamu hudai 1,400, punguzo la heshima. Ila kwa sheria ya Marekani ya 1999 mahakama inaweza kumtoza mtu kama yeye kati ya dola 1,000 na 100,000 kwa kila jina, ndiyo maana hapokei barua kutoka huko. Kitabu chake kinauzwa mlangoni, shilingi elfu ishirini. Risiti hakuna.