Mhadhara Mkuu wa Shuka, Kama Ulivyotolewa Carama

Wapendwa wakazi wa Carama, majirani wa Kinama mliokuja kuchota elimu, mafundi, mama zangu, nanyi watoto ambao naomba mshuke kwenye robota la mitumba: tulieni. Anayesimama mbele yenu ni bingwa wa bonde zima la Imbo katika taaluma ya kugeuza shuka la kitanda kuwa mfarishi. Shahada ya taaluma hii haitolewi na chuo chochote, kwa hiyo nimejitunuku mwenyewe, na hafla ilifana.

Namsikia mtu ananong'ona: mfarishi, na joto hili la Bujumbura? Mtu analala ndani ya chandarua tu na bado anajipepea! Swali la kitoto, ila nitalijibu. Panda gari lolote la kwenda Bugarama. Kule juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, baridi haina adabu. Inaingia jioni bila kubisha hodi na haitoki mpaka jua likolee. Sisi wa bondeni tushone, wao wa milimani wajifunike. Biashara hiyo nimeivumbua mimi. Mama mmoja hapa mbele anasema amekuwa akipeleka mifarishi Kayanza tangu kabla mimi sijahamia mtaa huu. Asante mama, umethibitisha uvumbuzi wangu.

Sasa historia, maana wapo wanaodharau shuka kuukuu wakidhani ni kitambaa cha kufutia meza. Sikilizeni. Mwaka 1833 Marekani ilitiliana mkataba wa biashara na Sultani Sayyid Said, na meli za Salem, Massachusetts, zikazidi kumiminika Unguja na majora ya pamba nyeupe isiyopaushwa. Watu wakaiita merikani. Kwao ilikotoka, kitambaa cha namna ile kilikatwa mashuka ya kulalia. Huku kwetu kilikuwa fedha! Misafara ilipanda nacho bara mpaka Ujiji: hongo ya mtemi kwa merikani, chakula cha wapagazi kwa merikani, pembe za ndovu kwa merikani. Na kipimo chake? Mikono minne ni shuka moja, shuka mbili ni doti. Naam, shuka ilikuwa noti, doti ilikuwa noti kubwa.

Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta mpelelezi Livingstone, aliondoka Zanzibar mwaka 1871 na marobota ya kitambaa hicho ya kulipia njia. Alipokwisha kumpata Livingstone pale Ujiji, wakapanda Ziwa Tanganyika pamoja mpaka mdomo wa Rusizi, wakaona kwa macho yao kwamba mto unaingia ziwani, hautoki. Lile jiwe la Mugere, kusini mwa jiji hili, limechorwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Mabwana wakubwa wale walizungukia maji yetu kwa nguvu ya mashuka, na leo wewe unaona haya kushona shuka? Mimi ningekuwa gavana wa benki, ningeyahesabu mashuka ya Carama katika akiba ya taifa. Sijaulizwa.

Tushuke kwenye kitambaa chenyewe. Pamba inalimwa hapa hapa Imbo, chini ya kampuni ya pamba, COGERCO. Kiwanda cha COTEBU kiliifuma hadi kilipofungwa, Afritextile ikaja kushika nafasi yake, na jina la kiwanda cha zamani limebaki sokoni: mwambie dereva "Cotebu" akufikishe kwenye mboga na viatu. Lakini shuka letu la kazi halitoki huko. Linatoka kwenye mitumba, yaani caguwa. Tangu soko kuu la jiji liungue tarehe 27 Januari 2013, mwenye kutafuta shuka hana budi kuzunguka masoko ya mitaa, Ruvumera kule Buyenzi na kwingineko. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mwaka 2016 kwamba mitumba ipungue hadi ikome. Makubaliano yao nayaheshimu sana. Robota walilokuwa wamekalia watoto limefunguliwa leo asubuhi.

Katika robota mna hazina. Mna mashuka ya hoteli, meupe, yaliyochemshwa mpaka yakasahau utoto wao. Mna yale yenye lastiki pembeni, yaliyoshonwa kwa magodoro manene ya Wazungu. Kwenye sponji letu yanapwaya kama kanzu ya babu. Mna yenye mhuri wa hospitali ya nchi ambayo kwa heshima sitaitaja. Sharti langu la kwanza, ambalo mtaliandika kwa wino: chagua shuka lenye nyuzi nyingi kuliko yote! Nyuzi 400, nyuzi 800 kwa inchi mraba, kadiri nyuzi zinavyosongamana ndivyo heshima inavyopanda...

Naona fundi wa safu ya pili ametikisa kichwa. Sema, dada. Anasema shuka lililosongamana hivyo linakataa sindano ya mkono, kidole kinavimba, na ukitia kwenye cherehani kwa sindano nene linaacha matundu yasiyozibika. Anataka sindano nyembamba, namba 11, au shuka la kawaida lililolegezwa kwa kufuliwa. Ndiyo maana nimesema, kama mlikuwa mnasikiliza, chagua shuka la kawaida.

La pili ni moto. Chomoa uzi kwenye pindo, uwashe. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka, inajikunja kuwa tone gumu jeusi, na inanuka plastiki. Shuka la mchanganyiko si haramu, halijikunjikunji na linakauka upesi, ila baada ya muda linatoa vinundu na mlalaji anajikuna. Fanya jaribio hili nje ya nyumba na mbali na mitumba ya watu. Kwa nini nasisitiza, hilo si la mhadhara huu.

Dada anasema tena: ufue kwanza. Nilikuwa nakaribia hapo! Fua kwa maji ya moto, shuka lirudi lote sasa, maana likirudi likiwa limeshonwa pamoja na kitenge ambacho hakijarudi, mfarishi unakuwa na milima na mabonde kama nyanda za juu za Mugamba zenyewe. Kisha liinue juani. Katikati, pale mabega na visigino vya mwenyewe wa kwanza vilipokaa miaka, utaona mwanga unapenya. Sehemu hiyo usiionee huruma. Kata viraka pembeni, ambako mtande na mshindio bado vina nguvu. Na usikate kwa mkasi tu: chanja kidogo, kisha chana. Shuka la pamba linachanika lenyewe kwa kufuata uzi, mstari ulionyooka kuliko wa rula. (Hili nimelijua muda mrefu. Tangu dada alipolionyesha.)

Fadhila kuu ya shuka, hata hivyo, ni mgongo wa mfarishi. Kitenge kina upana wa mita moja na ziada kidogo. Mgongo wa mfarishi wa kitanda kikubwa unakudai uunge vipande viwili, na mshono unakaa katikati ya uti wa mlalaji. Shuka la kitanda kikubwa linaenea lote bila mshono. Katikati weka blanketi lililochoka, piga bandi za mkono tabaka zote tatu zishikamane, umemaliza. Mimi huchukua dakika tano kulieleza. Mama wa Kayanza anasema linachukua miezi miwili.

Wala msidhani viraka ni aibu ya maskini wa Carama. Huko Karnataka, India, wapo Wasiddi, wenye asili ya Afrika, na mama zao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo kuukuu: wanaanzia pembezoni na kuzunguka kwa bandi hadi katikati, na kila pembe wanaipa pembetatu ya kitambaa waiitayo ua. Huko Gee's Bend, Alabama, wanawake weusi walishona kwa suruali za shamba, na mwaka 2002 kazi zao zikatundikwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Houston, kisha New York. Wataalamu wakazitazama wakiwa wamefunga mikono nyuma. Nami nilipopita ua wa dada huyu jana nilifunga mikono hivyo hivyo, akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Sasa tuingie sehemu ya pili, Falsafa ya Foronya, ambayo ndiyo kiini cha... Samahani. Naarifiwa kuwa meza niliyoegemea ni cherehani, na mwenyewe ana gauni la harusi la kumaliza kabla ya magharibi. Hakuna tatizo. Wenye madaftari nifuateni pale chini ya mwembe. Wengine je? Mnabaki kumtazama fundi? Basi na mimi nitasimama hapa hapa, pembeni kidogo, nimsimamie.